Maji ya Bamvua Hayangoji Kengele

Siku za bamvua, katika sehemu kubwa ya mwambao wa Kenya na Tanzania, bahari hukupwa hadi mwisho wake kati ya saa nne na saa sita mchana. Ni wakati uleule ambao kengele ya mapumziko hulia na watoto hukimbilia foleni ya uji. Hatua chache nyuma ya uwanja wa shule mwamba umebaki wazi, vidimbwi vya maji ya chumvi vimejaa viumbe, na akina mama wameinama wakichokoa pweza au kufunga mwani kwenye kamba. Kengele ya pili inalia. Watoto wanarudi darasani, wanafungua madaftari na kunakili kutoka ubaoni: makazi ya viumbe wa majini ni bahari, ziwa, mto na bwawa.

Sentensi hiyo haina kosa. Ila mtoto ameinakili akiwa ameipa mgongo bahari yenyewe, na mpaka somo la mwisho litakapokwisha, maji yatakuwa yamesharudi.

Bahari ya upande huu hujaa mara mbili na kukupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa takriban dakika 50 kuliko jana yake. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, jua na mwezi huivuta bahari kwa pamoja, ndipo linapokuja bamvua. Katika bamvua kubwa, tofauti ya kina kati ya maji kujaa na maji kukupwa Unguja hukaribia mita 4. Wiki inayofuata ni maji mafu, bahari inasogea kidogo tu. Kwa kuwa yote haya yanafuata mwezi, saa za bamvua hazihamihami ovyo: maji hujaa alfajiri na alasiri, hukupwa katikati ya asubuhi na tena usiku. Mtoto anayejua kuhesabu siku za Ramadhani anayo tayari kalenda ya bahari kichwani. Na kwa mwalimu anayetaka dakika kamili, mamlaka za bandari za Tanzania na Kenya huchapisha majedwali ya maji ya mwaka mzima. Safari ya mwambani ya mwezi wa tisa inaweza kupangwa mwezi wa kwanza.

Kwa maneno mengine, somo la viumbe wa majini lina ratiba yake, na ratiba hiyo haikutungwa wizarani. Walimu wanaofanikiwa kulifundisha kwa watoto wadogo ni wale wanaokubali kuifuata. Kwenye shule zenye mikondo miwili jambo hili ni jepesi kuliko linavyoonekana: darasa la mchana liko huru saa nne asubuhi.

Elimu ya mtoto wa pwani kuhusu bahari, hata hivyo, haianzi shuleni. Mtoto wa miaka sita wa Jambiani au Vanga anamjua changu na anamjua chewa, anajua taa ana mwiba mkiani, na anajua mahali pa kumshika kaa ili gando lisimfikie. Amewajifunza viumbe hawa kwa njia mbili, kama kitoweo na kama hatari. Njia hizo si za kudharauliwa, zimelea vizazi. Lakini zinaacha maswali mengi bila mwenyewe. Kaa anapumuaje nchi kavu? Jongoo bahari anakula nini, na mbona hakimbii? Maji yakitoka, samaki wadogo wanakwenda wapi?

Shule ndiyo ingetakiwa kuyapokea maswali hayo. Badala yake si ajabu kukuta ukutani chati ya wanyama wa majini yenye pengwini na dubu wa barafuni, huku nguva, ambaye wachache wake bado wanaogelea kati ya delta ya Rufiji na Mafia, hayumo kabisa.

Somo zuri la mwambani huanza kwa kutofanya kitu. Watoto watano au sita wanachuchumaa kuzunguka kidimbwi kimoja, vivuli vyao vikiwa nje ya maji, wanahesabu kimoyomoyo hadi mia moja. Mwanzoni kidimbwi kinaonekana kitupu. Kabla hawajafika sitini, ganda la konokono linaanza kutembea, kumbe ndani yake amehamia kaa mdogo asiye na ganda lake mwenyewe. Kamba wa kioo, mwili unaopitisha mwanga, anatoa ndevu zake chini ya jiwe. Samaki wa urefu wa kidole anarudi kwenye kona yake. Kila aliyekuwemo alikuwa amejificha. Mtoto anayejifunza hilo amejifunza kwamba makazi ni pamoja na maficho, na amejifunza bila kuambiwa.

Kisha inakuja mikono. Mtoto anatia mkono kwenye kidimbwi cha juu, karibu na ufukwe, ambacho kimepigwa jua tangu asubuhi, halafu anatia kwenye kidimbwi cha chini, karibu na mawimbi. Cha juu ni cha moto. Akionja tone kwa ncha ya ulimi atagundua pia kwamba chumvi imezidi, kwa sababu maji yamekuwa yakipanda hewani na chumvi ikibaki. Mvua ikinyesha hali inageuka, maji yanakuwa baridi na karibu matamu. Anayeishi kwenye kidimbwi cha juu lazima astahimili yote hayo kwa siku moja, ndiyo maana waliomo humo ni wachache na wagumu. Chaza anafunga kombe lake na kubaki na maji ya kumtosha mpaka bahari irudi. Kaa anahifadhi unyevu kwenye matamvua yake. Kadiri watoto wanavyoshuka kuelekea majini, ndivyo aina za viumbe zinavyoongezeka, na hata mtoto wa chekechea anaweza kuzihesabu kwa vijiti.

Jongoo bahari huwashangaza wengi. Kazi yake ya kutwa ni kumeza mchanga, kunyonya uozo uliomo, na kuutoa mchanga ukiwa safi. Wengine wa jamii yake wakisumbuliwa hurusha nyuzi zinazonata. Kiti cha pweza akikatika mkono huota mwingine. Na pono, yule samaki ambaye usingizi wake umeingia kwenye misemo ya Waswahili, hutafuna mwamba kwa meno yake yaliyoungana, akachuja chakula na kutoa nje kilichobaki kikiwa mchanga mweupe. Pono mkubwa hutoa mamia ya kilo za mchanga kwa mwaka. Watoto wa darasa la pili wakiambiwa kwamba sehemu ya ufukwe wanaochezea mpira imepitia matumboni mwa samaki, mwalimu asitarajie utulivu kwa dakika kadhaa. Kuhusu usingizi, waliotunga msemo hawakukosea: baadhi ya pono hulala usiku wakiwa wamejifunika utando wa ute walioutoa wenyewe mdomoni.

Pweza anastahili asubuhi yake peke yake. Mioyo mitatu, damu yenye rangi ya buluu kwa sababu inabeba shaba mahali ambapo yetu inabeba chuma, ngozi inayobadilika rangi mbele ya macho. Mtoto anaweza kulitambua shimo lake kwa makombe matupu yaliyotupwa mlangoni, mabaki ya mlo. Jike hutaga mara moja tu maishani, huyalinda mayai bila kula mpaka yaanguliwe, kisha hufa. Pweza huishi muda mfupi na hukua haraka mno, na hapo ndipo biolojia inapogeuka kuwa habari ya kijijini. Katika Kisiwa Panza huko Pemba na vijiji vingine vya Zanzibar, wavuvi wakishirikiana na mtandao wa Mwambao wamekuwa wakifunga sehemu ya mwamba kwa miezi kadhaa, mtu asichokoe. Siku ya kufungua, kijiji kizima hushuka na pweza wanaotoka ni wakubwa. Mtoto aliyemwona baba yake akisubiri, na akaona uzito wa alichovua baadaye, hahitaji kufafanuliwa kwa nini kuna watu wanataka bahari ipumzishwe.

Somo hili lina hatari zake, na mwalimu asiyezijua asiende. Kuna konokono wa koni, mwenye ganda zuri lenye nakshi, ambaye hufuma mawindo yake kwa mwiba wa sumu; aina moja inayopatikana katika bahari hii inaweza kuua mtu mzima. Kwa hiyo sheria ni moja, hakuna kuokota konokono aliye hai, awe mzuri namna gani. Kuna samaki anayefanana kabisa na jiwe na mwenye miiba ya sumu mgongoni, kwa hiyo kila mtoto avae viatu vya kufunika vidole. Akichomwa, mguu huloweshwa kwenye maji ya moto kwa kiasi anachoweza kuvumilia, huku safari ya hospitali ikiandaliwa. Kuna mifereji inayojaa nyuma ya watu walio mbali mwambani, kwa hiyo msafara unarudi maji yanapoanza kugeuka, si yanapofika magotini. Na jiwe lililogeuzwa linarudishwa lilivyokuwa, kwa maana waliokuwa kivulini wakiachwa juani hufa. Watoto hulishika sharti hili la mwisho kuliko watu wazima. Baada ya safari mbili ni wao wanaomkumbusha mwalimu.

Aliyeliona mapema pengo kati ya darasa na bahari ni Sibylle Riedmiller, Mjerumani aliyehamia Zanzibar baada ya miaka ya kazi katika miradi ya elimu na maendeleo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 alitafuta mahali pa kuwafundishia watoto kuhusu matumbawe, akaangukia Chumbe, kisiwa kidogo kusini ya Mji Mkongwe, kisicho na chemchemi ya maji baridi, chenye mnara wa taa uliojengwa mwaka 1904. Mwaka 1994 Serikali ya Zanzibar iliutangaza mwamba wa upande wa magharibi kuwa hifadhi. Waliokuwa wavuvi walifunzwa kuwa walinzi, na zikajengwa nyumba saba za wageni ili fedha za watalii zilipie, pamoja na mambo mengine, safari za wanafunzi. Mwamba huo una zaidi ya aina 400 za samaki na karibu aina 200 za matumbawe.

Ziara ya Chumbe huwa na sehemu mbili, ya miguu na ya maji. Kwa miguu watoto hupita kwenye mwamba uliokauka na kwenye msitu unaoota juu ya tumbawe la kale, makao ya kaa mkubwa kuliko wote wanaoishi nchi kavu duniani, yule anayepanda minazi. Huyu ni zawadi kwa mwalimu: anaanza maisha baharini akiwa lava, akikua kidogo anaazima ganda la konokono, na akishakuwa mkubwa akitumbukizwa majini anazama. Swali la kama ni mnyama wa majini au wa nchi kavu linaweza kugawa darasa pande mbili hadi saa ya chakula.

Sehemu ya maji ni ngumu zaidi. Watoto huvaa jaketi okozi na miwani ya kupigia mbizi, wakiongozwa na walinzi wa hifadhi. Kwa wengi wao, na hasa wasichana, ni mara ya kwanza kutia uso chini ya maji, ingawa wamezaliwa wakiisikia bahari usiku na mchana. Ni ajabu inayojulikana kote mwambaoni: mvulana hujifunza kuogelea kwa kutoroka nyumbani, msichana hukatazwa kwa sababu ya stara na kwa sababu hakuna wa kumfundisha. Kaskazini mwa Unguja, mradi wa Panje ulilikabili jambo hili kwa kuwafundisha wasichana na wanawake kuogelea na kuokoa, walimu wakiwa wanawake na mavazi yakiwa ya kufunika mwili mzima. Wanafunzi wa Shule ya Msingi Kijini walifundishwa kuelea katika bahari ya Muyuni. Elimu ya bahari isiyojumuisha kuogelea huishia magotini. Hili wapangaji wa mitaala wangefaa kulifikiria kabla ya kuongeza kurasa za kitabu.

Si kila kijiji kina Chumbe, na si kila shule ina nauli ya boti. Mikoko ni rahisi kufikika, na matope yake hayana bei. Huko Gazi, kaunti ya Kwale, mradi wa Mikoko Pamoja unatunza hekta 117 za mikoko na kuuza kaboni inayohifadhiwa na miti hiyo. Sehemu ya mapato imenunua vitabu vya shule na kuleta maji ya bomba kijijini. Mtoto wa Gazi anaweza kushika kitabu kilicholipiwa na mti anaousoma ndani yake. Anaweza pia kuona jinsi mbegu ya mkoko inavyoota ikiwa bado juu ya mti, ikarefuka, kisha ikaanguka na kujichoma topeni, na jinsi mchu unavyochomoza mizizi ya kupumulia. Katikati ya mizizi hiyo kaa dume wadogo hupunga gando moja kubwa kuwaita majike, na kuna samaki anayeruka juu ya matope na kukaa nje ya maji kwa muda mrefu, mradi ngozi yake imebaki na unyevu. Kwa watoto wanaoamini samaki hufa papo hapo akitoka majini, huyo ni kizaazaa.

Kasa ndiye kipenzi cha kila mtoto, na kwa sababu hiyo ndiye anayefundishwa vibaya zaidi. Mahali pengi mgeni hulipa ili ashike kasa mchanga au aogelee na kasa aliyefungiwa, na watoto wa shule hupelekwa kutazama tamasha hilo. Picha zinapatikana, elimu ni haba. Tofauti inaonekana Watamu, karibu na hifadhi ya bahari iliyoanzishwa mwaka 1968 pamoja na ile ya Malindi. Pale kikundi kilichoanza 1997 kwa jina la Watamu Turtle Watch, leo Local Ocean Conservation, hupigiwa simu na wavuvi kasa anaponasa nyavuni. Mnyama hukaguliwa, akiwa mzima hurudishwa baharini, akiwa mgonjwa hutibiwa kwanza. Wanafunzi wanaotembelea kituo hicho humwona kasa akiwa mgonjwa mwenye sababu ya ugonjwa wake, mara nyingine plastiki iliyomezwa, mara nyingine ndoano.

Kuna jambo moja kuhusu kasa ambalo mtoto halisahau. Jike huchimba shimo usiku, hutaga mayai zaidi ya mia moja, hufukia na kuondoka. Kwa karibu miezi miwili mchanga ndio unaolea, na ndio unaoamua: ukiwa wa joto zaidi wanatoka majike wengi, ukiwa wa baridi zaidi wanatoka madume. Ufukwe uliofyekwa miti yake yote ya kivuli ni ufukwe unaozaa majike.

Kuanzia hapo ni vyema kuiacha bahari, maana watoto wengi wa Afrika Mashariki hawaioni. Maji yao ni mto, ziwa, bwawa la kijiji, au dimbwi la mvua kando ya barabara. Dimbwi hilo linadharauliwa bure. Katika maeneo ya mwambao na mabonde ya mito, na hata ndani ya Unguja, kuna samaki wadogo wa jamii iitwayo Nothobranchius, madume yao yana rangi nyekundu na buluu za kupendeza, wanaoishi katika madimbwi yanayokauka kila mwaka. Mvua ikinyesha wanatokea. Dimbwi likikauka wanakufa wote. Wapo wanaosema wameshuka na mvua. Ukweli ni kwamba walitaga kwenye tope kabla ya kufa, na mayai yamelala ndani ya udongo mkavu kwa miezi, yakisubiri. Maji yakirudi yanaanguliwa, na samaki wanakomaa kwa wiki chache tu kwa kuwa wanajua, kwa namna miili yao inavyojua, kwamba muda hautoshi. Watafiti wa uzee duniani hutumia samaki wa jamii hii katika maabara kwa sababu maisha yao yanakwisha haraka. Mwalimu wa kijijini hahitaji maabara. Anahitaji kulipeleka darasa dimbwini wiki ya pili ya masika, wiki ya sita, na tena kiangazi, watoto wakachora walichokiona kila mara.

Vifaa vya dimbwini viko jikoni: kichujio cha chai kilichofungwa kwenye fimbo ndefu, sahani nyeupe ya plastiki, ndoo. Kinachochotwa kikimwagwa kwenye sahani nyeupe, hata mdudu mdogo kama punje ya mtama anaonekana. Viluwiluwi wa chura huchorwa kila wiki, miguu ya nyuma ikitokea kwanza, mkia ukifupika mwishoni. Pembeni yao kuna mwindaji mwenye sura mbaya, mtoto wa kereng'ende, ambaye hukaa majini muda mrefu kabla ya kupata mabawa, akila watoto wa mbu na hata viluwiluwi. Mtoto akigundua kwamba kereng'ende anayemfukuza uwanjani aliwahi kuwa yule mdudu wa sahanini, somo la mzunguko wa maisha limekwisha.

Fimbo iwe ndefu kwa sababu maalumu. Maji baridi yaliyotulia na yenye konokono yanaweza kuwa na kichocho, na vijidudu vyake hupenya ngozi bila mtu kuhisi. Bahari haina tatizo hilo. Ziwa na bwawa linalo. Kwa hiyo watoto hutazama wakiwa pakavu, mwalimu ndiye anayechota kwa glavu, na mikono yote huoshwa kwa sabuni. Kiboko na mamba hawahitaji maelezo marefu kwa watoto wa kando ya Nyanza au Rufiji. Konokono ndiye anayehitaji, maana haogopwi.

Ziwani pia soko ni darasa. Kirumba, Mwanza, mtoto anaweza kufungua matamvua ya sangara na kuona rangi yake, akalinganisha mdomo wake na wa sato. Sato jike hutunza mayai na watoto wake mdomoni, akiwatoa kula na kuwarudisha hatari ikija. Sangara hana malezi ya namna hiyo. Yupo pia furu, ambaye zamani alikuwa na mamia ya aina katika Ziwa Victoria, mpaka sangara alipoingizwa katika miaka ya 1950 na kuwamaliza wengi. Mtoto wa darasa la tatu anaielewa hadithi hiyo bila shida: mgeni mkubwa, mwenye njaa, katika nyumba ya wadogo.

Ziwa Tanganyika nalo lina kalenda yake. Wavuvi wa dagaa wa Kigoma, Bujumbura na Kalemie hutoka usiku wa giza, taa zao zikiwavuta samaki juu, na hupumzika mwezi unapong'aa. Mwaka 2024 Tanzania ilifunga uvuvi ziwani humo kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, kwa makubaliano na nchi jirani, ili samaki wazaliane. Kwa miezi mitatu, nyumba za Kigoma zilikula mboga nyingine. Kulikuwa na somo zima la sayansi kwenye sahani ya kila mtoto, na mwalimu angeweza kulianza kwa kuuliza tu jana mmekula nini.

Yako lakini makazi ambayo darasa haliwezi kuyafikia, wala halipaswi. Kwenye korongo la Kihansi, ukingoni mwa milima ya Udzungwa, mwaka 1996 aligunduliwa chura wa rangi ya dhahabu asiyefikia sentimita 3, anayeishi kwenye manyunyu ya maporomoko na si mahali pengine popote duniani. Eneo lake lote halikuzidi hekta chache. Hatagi mayai majini. Jike huzaa vyura wadogo waliokamilika, bila hatua ya kiluwiluwi. Bwawa la umeme lilipoanza kazi, sehemu kubwa ya maji ilipita kwenye mitambo na manyunyu yakapungua. Mabomba ya kunyunyizia yakawekwa, lakini baadaye ugonjwa wa ukungu uliingia na vyura wakatoweka. Mwaka 2009 ilitangazwa kuwa hawapo tena porini. Wasingekuwepo popote, kama karibu 500 hawangepelekwa Marekani mwishoni mwa mwaka 2000 na kulelewa katika bustani za wanyama za Bronx na Toledo. Mwaka 2010 mia moja walirudi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na tangu 2012 wamekuwa wakirejeshwa korongoni kwa awamu.

Kwa hiyo mtoto wa Toledo aliweza kumwona chura huyu nyuma ya kioo kwa tiketi ya mlangoni, wakati mtoto wa Mlimba, chini ya milima hiyohiyo, hakuweza. Na hata sasa wanaoingia korongoni husafisha viatu kwa dawa, maana ukungu unasafiri na tope la nyayo. Darasa la watoto arobaini halina nafasi pale. Kinachowezekana ni chupa ya kunyunyizia maji kutoka kwa kinyozi na sahani mbili za majani mabichi yenye unyevu, yaliyochumwa mtoni: sahani moja inanyunyiziwa kila baada ya nusu saa kwa zamu, nyingine inaachwa tangu asubuhi. Siku ya pili watoto wanazigusa zote mbili, na wanaweza kueleza wenyewe, kwa mpangilio, bwawa lilimfanya nini chura wa Kihansi na mabomba yalitakiwa kurudisha nini.